Sura ya Nne: Jiwe la Tabaka, Nyuzi Nane na Mkuki wa Otenyo

Mwaka 1939 Hong Kong ilianzisha chuo cha ualimu ambacho baadaye kilipewa jina la gavana wa wakati huo, Sir Geoffry Northcote. Walimu waliofunzwa humo kwa miongo mingi walibeba jina hilo kwenye vyeti vyao, na wengi wao hawakuwa na sababu ya kuuliza mwenye jina alipitia wapi kabla ya kufika kwao. Alipitia Gusii, magharibi mwa Kenya. Januari 1908, akiwa afisa kijana asiyefika miaka 30, Northcote alichomwa mkuki katika milima ya Kitutu na kijana aitwaye Otenyo. Hakufa. Alipona, akapanda vyeo, akawa gavana wa Guyana ya Waingereza na kisha wa Hong Kong. Aliyemchoma hakupona.

Mwanahistoria wa Hong Kong anamjua Northcote gavana. Mwanahistoria wa Kenya anamjua Northcote wa Kisii, ambaye wazee wetu walimwita Nyarigoti. Ni nadra wawili hao kukaa meza moja. Mara nyingi anayewakutanisha ni mtu asiyelipwa na idara yoyote, asiye na mtihani mbele yake, anayesoma kwa sababu jambo limemkaa moyoni na halimtoki. Sura hii ni yake.

Ukizunguka masoko ya Kisii na Nyamira, kuanzia Keroka hadi Suneka, Ogembo hadi Nyamaiya, hutakosa kumpata. Pengine ni mwalimu mstaafu, pengine ni fundi wa saa, pengine ni mama anayeuza ndizi na kusikiliza Egesa FM kutwa nzima, akiwasahihisha wageni wa redio wanapokosea ukoo wa mtu. Anajua nasaba za Abagirango, anajua ni nani alitengeneza zeze la obokano la kanisa fulani, anakumbuka alichosoma kuhusu Misri ya kale, na ana daftari. Majirani humheshimu kwa kiasi, kisha humtupia methali: mtaka yote hukosa yote.

Nataka kuipinga methali hiyo, si kila mahali, ila hapa. Katika nchi ya Gusii historia haikuwahi kuwekwa peke yake katika kabati moja na sanaa katika kabati lingine. Habari za watu wetu ziliwekwa ndani ya wimbo, ndani ya jina la ukoo na mnyama wake, ndani ya jiwe lililochongwa. Anayependa kimoja tu kati ya hivi atafika mahali akwame, kwa sababu ufunguo wa mlango unaofuata uko katika kile alichokiacha. Upana wa hamu ya mtu aliyejifundisha mwenyewe ndio unaofaa kwa somo lenyewe.

Wala si jambo jipya kwamba elimu kubwa ya hapa haikutoka darasani. Mfano ulionishika kwa muda mrefu ni wa omobari omotwe, mpasuaji wa kichwa. Kwa vizazi kadhaa Abagusii walikuwa na mabingwa waliofungua fuvu la mtu aliyeumia kichwa, wakalikwangua taratibu kwa vyuma walivyojitengenezea, wakatibu kidonda kwa dawa za miti, na wagonjwa wengi wakaishi. Hawakujua Kilatini. Walijifunza kwa kukaa kando ya baba au mjomba na kutazama. Miaka ya 1950 daktari wa akili Mkanada, Edward Margetts, aliyefanya kazi katika hospitali ya Mathari, Nairobi, aliwafuatilia na kuandika juu yao; mwaka 1985 madaktari wa upasuaji walichapisha utafiti wao katika jarida la kitabibu. Upasuaji wa namna hiyo umekutwa pia katika mafuvu ya kale ya Peru. Ninachosikitikia ni kimoja: ulimwengu unayajua majina ya walioandika makala kuliko majina ya walioshika kisu.

Na hapo ndipo penye kidonda ambacho sura hii inataka kukigusa. Kazi za Gusii zimefika mbali. Majina ya waliozifanya yamebaki njiani.

Chukua jiwe. Tabaka iko Mugirango Kusini, upande wa kusini wa kaunti ya Kisii, na chini ya mashamba yake kuna jiwe laini ambalo dunia inaliita jiwe la Kisii. Liko jeupe, la rangi ya maziwa, la waridi, la kijivu, na mara chache la rangi nzito zaidi. Huchimbwa kwa sururu, jembe na mtaimbo katika mashimo ambayo wakati wa mvua huwa hatari, kwa sababu kingo zake hubomoka. Likitoka ardhini lina unyevu na hukubali kisu kwa urahisi, likikauka linakaza. Mchongaji hulikata kwa msumeno, hulipa umbo la kwanza kwa panga, kisha huingia ndani kwa visu vidogo na tupa. Baada yake huja kazi ya kusugua kwa msasa ndani ya maji, kupaka rangi na kung'arisha kwa nta, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na wanawake. Mng'ao unaomfanya mteja wa Nairobi au wa ng'ambo ainue sanamu na kuipapasa ni kazi ya mikono ambayo karibu hakuna anayeitaja.

Mtoto wa Tabaka hajiandikishi popote. Anaanza kwa kuokota vipande vilivyotupwa, anachonga kiboko ambacho hakifanani na kiboko, anapewa msasa asugue vya wakubwa, na siku moja kiboko chake kinafanana. Kabla jiwe halijawa bidhaa ya watalii lilikuwa la matumizi ya nyumbani na ya wazee: mabakuli, viko vya kuvutia tumbaku, mbao za kuchezea bao. Ukishika kiko cha zamani cha jiwe umeshika historia ya burudani, ya heshima na ya biashara kwa pamoja, na hutaielewa kama unajua uchongaji tu au kama unajua tarehe tu.

Kutoka katika shule hii ya vumbi alitoka Elkana Ong'esa, aliyezaliwa mwaka 1944. Alilijua jiwe katika ukoo wake wa wachongaji kabla ya kwenda Makerere, na baadaye McGill kule Kanada. Ndege wake wa Amani amesimama katika makao makuu ya UNESCO, Paris. Namtaja kwa fahari, lakini namtaja pia kwa sababu jina lake ni mojawapo ya machache sana yaliyovuka. Fikiria ni sanamu ngapi zimetoka Tabaka tangu wageni walipoanza kuzinunua katika karne iliyopita: sahani za sabuni, vinara vya mishumaa, tembo, familia zilizokumbatiana kwa duara moja. Zipo katika nyumba za Uholanzi, Marekani na Japani. Geuza nyingi kati ya hizo utazame chini: utakuta neno Kenya, au hutakuta kitu.

Si lazima iwe hivyo, na ushahidi uko Zimbabwe. Huko nako kuna mawe, magumu zaidi kuliko ya Tabaka, na wachongaji wengi ambao hawakusoma sanaa popote. Lakini tangu Frank McEwen alipokuwa mkurugenzi wa jumba la taifa la sanaa la Salisbury, ambayo leo ni Harare, lililofunguliwa mwaka 1957, na tangu Tom Blomefield alipoligeuza shamba lake la Tengenenge kuwa kijiji cha wachongaji katika miaka ya 1960, sanamu za huko zilitolewa zikiwa na majina ya wenyewe. Henry Munyaradzi, mtu ambaye hakupata shule, alijulikana Ulaya kwa jina lake. Mnunuzi wa sanamu ya Munyaradzi ananunua Munyaradzi. Mnunuzi wa sanamu ya Tabaka ananunua kumbukumbu ya safari. Mikono ya Mugirango Kusini ina ustadi ule ule. Kilichokosekana ni watu wa kuuliza, kuandika na kurudia majina hadi yashike. Kazi hiyo haihitaji shahada.

Nyuzi za obokano zina habari inayofanana na hiyo, ingawa huko ujuzi umekuwa mwembamba zaidi. Obokano ni zeze kubwa la nyuzi nane, lenye bakuli la mbao lililowambwa ngozi ya ng'ombe, mikono miwili na mti wa juu unaoshikilia nyuzi. Zamani nyuzi zilikuwa za mishipa ya mnyama. Sauti yake ni nzito, ya chini, yenye mvumo unaoingia kifuani kabla haujafika masikioni, na wataalamu wa muziki wameiweka miongoni mwa mazeze yenye sauti nzito kuliko yote Afrika Mashariki. Mpigaji huketi, hupiga na kuimba peke yake kwa muda mrefu: humsifu aliyemwalika, humlilia aliyekufa, hutaja ukoo na mito iliyovukwa. Mtu aliyekuja kusikiliza muziki huondoka na nasaba, na aliyekuja kutafuta nasaba atalazimika kuisikiliza kama muziki, maana mpigaji akiombwa aseme tu bila kupiga, nusu ya maneno humkimbia.

Hapa mwenye hamu pana anafaidi kuliko yeyote. Jirani Mluo ana nyatiti, nayo ina nyuzi nane. Waluhya wana litungu, Wakuria wana iritungu, Wakipsigis wana zeze lao, Waganda wana endongo, Wahabeshi wana begena na krar. Ukiendelea kushuka na mto Nile unafika Misri, na ukivuka unafika Uru, Iraki, ambako katika miaka ya 1920 Leonard Woolley alifukua makaburi ya kifalme yenye mazeze ya takribani miaka 4,500. Simaanishi kwamba obokano ilitoka Uru; anayejifundisha mwenyewe ajihadhari sana na mruko wa namna hiyo, kwa sababu kufanana peke yake si ushahidi wa undugu. Ninachomaanisha ni kwamba chombo kilicholala juu ya kabati huko Nyamira, kikisubiri sherehe ya harusi, ni mmoja wa jamaa pana na ya kale ya vyombo, na mtoto wa nyumba hiyo anastahili kuambiwa.

Wawili kati ya watu watano walioandaa wimbo wa taifa wa Kenya, Graham Hyslop na George Senoga-Zake, waliandika vitabu juu ya muziki na vyombo vya Kenya. Vitabu hivyo ni mlango mzuri kwa anayeanza. Lakini vinahitaji jirani mwenye obokano, kwa sababu mchoro hauna sauti, na idadi ya wanaoweza kuitengeneza, tofauti na kuipiga tu, haiongezeki. Kama unamjua mmoja, hiyo ndiyo kazi yako ya mwezi ujao.

Turudi kwa Otenyo, maana pale ndipo ninapotaka kukaa. Kisa chake kinafundisha namna ya kujifunza kuliko kingine chochote ninachokijua cha Gusii.

Kinavyosimuliwa kwa ufupi ni hivi. Mwaka 1905 Waingereza walituma kikosi cha kwanza cha kuwaadhibu Abagusii. Mwaka 1907 wakafungua kituo Getembe, mahali ambapo leo ni mji wa Kisii, na Northcote akawekwa hapo. Zikaja kodi, amri na kukamatwa kwa ng'ombe. Moraa, mganga na mwonaji wa Kitutu, aliwaambia vijana kwamba mzungu ni mtu, mkuki humwingia. Otenyo, aliyemlea kama mwanawe, akamvizia Northcote njiani, akamchoma. Kikosi cha King's African Rifles kikaja, kikachoma nyumba, kikachukua maelfu ya ng'ombe na mbuzi, kikaua watu wengi wasio na bunduki. Otenyo akakamatwa na kuuawa. Wazee wanasimulia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza, na mpaka leo watu wa Gusii wanataka kirudishwe kizikwe.

Msikilizaji wa kawaida hulia au hukasirika, kisha huenda zake. Aliyeamua kujifunza anakaa chini na kuuliza kila sehemu ya kisa imetoka wapi. Kuchomwa kwa Northcote kuko katika maandishi ya Waingereza wenyewe. Ukali wa kikosi uko pia katika maandishi yao, tena uliwatia wasiwasi hata wao: mwanzoni mwa 1908 Winston Churchill, wakati huo naibu katika Wizara ya Makoloni mjini London, aliandika kulalamikia mauaji ya watu wasioweza kujitetea. Yule Churchill ambaye baadaye watu wengi wa makoloni walimjua kwa sura nyingine kabisa. Kwa hiyo wazee wetu hawakutia chumvi waliposema damu ilimwagika sana. Adui yao aliwatolea ushahidi.

Moraa ni jambo jingine. Mwanamke aliyekuwa kiini cha habari yote ana nafasi ndogo katika faili, kwa sababu maafisa waliandika walichokiona, nao waliona mikuki na ng'ombe, hawakuona neno lililosemwa jikoni. Moraa amehifadhiwa na vinywa, hasa vya wanawake. Anayetaka kumjua anapaswa kwenda kwa magokoro, yaani bibi, akae, amenye maharagwe naye, asubiri. Atasikia matoleo mawili au matatu yasiyolingana kuhusu undugu wa Moraa na Otenyo. Ayaandike yote. Asichague zuri zaidi.

Halafu kuna Sakawa, mwonaji aliyetoweka mwaka 1902 hivi, ambaye inasemwa alitembea Getembe kabla ya mzungu kufika na kuonyesha kwa kidole: hapa patakuwa na kituo cha askari, hapa hospitali, hapa shule. Sehemu kubwa ya utabiri huo tunaisoma katika maandishi yaliyofanywa baada ya mji kujengwa. Mtu makini hatasema Sakawa alidanganya, wala hatasema hospitali ilijengwa pale kwa sababu Sakawa alisema. Atauliza kwa nini watu walihitaji kumkumbuka hivyo, na jibu lina uzito wake: walioshindwa kwa bunduki walitafuta namna ya kusema kwamba nchi yao iliyajua yote haya kabla ya mgeni kuyaleta. Tarehe 12 Septemba 1914, Wajerumani waliovuka mpaka kutoka kusini walipigana na Waingereza mjini Kisii, na kwa muda mfupi mji ukabaki bila bwana. Watu wakaingia na kubeba mali, wakaadhibiwa vikali. Imani ya Mumbo, iliyoanza upande wa Waluo mwaka 1913 na kusema kwamba utawala wa wazungu ungeisha, ilipata wafuasi wengi Gusii na ikaungana na kumbukumbu ya Sakawa. Bila kumjua Sakawa huwezi kuielewa Mumbo, na bila kuijua Mumbo utaona uporaji wa 1914 kuwa wizi mtupu, kama alivyouona mkoloni.

Ushahidi wa tatu, na ndio tunaousahau zaidi, ni wa jirani. Abagusii wanasimulia vita vya Osaosao vya miaka ya mwanzo ya 1890, walipowashinda Wakipsigis vibaya sana. Wakipsigis wanavikumbuka vita hivyo kwa jina la mto Mogori, na kwao ni msiba mkubwa. Uchungu huo hauimo kabisa katika masimulizi yetu ya ushindi. Panda gari hadi ng'ambo ya Borabu, mpakani mwa Nyamira na Bomet, ukaulize kwa adabu. Aliyetusomesha jambo hili kwa vitendo ni William Ochieng', Mluo wa Yimbo, aliyekaa na wazee wa Gusii na kuchapisha mwaka 1974 historia yetu kuanzia takribani 1500 hadi 1914. Kwangu mimi, kitabu hicho cha mtoto wa jirani bado ndicho cha kwanza kusomwa, na kila ukurasa wake unategemea wazee ambao wengi wao hawakuwa na cheti chochote. Wazee hao walikuwa wasomi. Walihifadhi vizazi kwa mpangilio, wakatofautisha walichokiona na walichoambiwa, na wakabishana wao kwa wao. Hakuna jina lingine la kazi hiyo.

Anayehofia kwamba hamu ya mambo mengi haiwezi kumfikisha popote namwonyesha Joseph Murumbi. Alizaliwa mwaka 1911, baba Mgoa mfanyabiashara, mama Mmaasai. Alisoma shule India, hakwenda chuo kikuu. Alikuwa karani Somalia, akawa katibu wa chama cha KAU wakati viongozi wake walipokuwa wakikamatwa, akakimbilia uhamishoni London ambako alifanya kazi katika ubalozi wa Moroko. Mshahara haukuwa mkubwa, lakini alianza kununua vitabu vya zamani kuhusu Afrika, kimoja kimoja. Akaongeza barua, stempu, nguo, vinyago, mapambo, fedha za kale. Aliporudi alikuwa waziri wa mambo ya nje, na mwaka 1966 kwa miezi michache makamu wa pili wa rais wa Kenya. Aliuacha wadhifa, akarudi kwa vitu vyake. Pamoja na Alan Donovan alianzisha African Heritage mjini Nairobi, akawapa wasanii wa bara zima mahali pa kuonyesha kazi zao.

Murumbi hakuchagua kati ya historia na sanaa. Aliona kwamba barua ya mpelelezi wa karne ya 19 na kitambaa cha Kuba cha Kongo vinatoa ushahidi juu ya kitu kimoja. Walipojitokeza wanunuzi wa ng'ambo alikubali kuiuzia serikali ya Kenya mkusanyiko wake, ili ubaki nchini: vitabu zaidi ya 8,000 vya kabla ya 1900, na vingine vingi pamoja na hati na kazi za sanaa. Mpango wa kuifanya nyumba yake ya Muthaiga kuwa taasisi ya masomo ya Afrika haukutimia, na hilo ni hasara ambayo nchi hii haijaikiri vya kutosha. Alifariki Juni 1990 akazikwa City Park, karibu na kaburi la rafiki yake Pio Gama Pinto. Katika bustani ya kumbukumbu yake hapo City Park kuna ndege mwingine wa amani, anayechomoza kutoka katika jiwe la kukata tamaa. Alichongwa na Elkana Ong'esa. Jiwe la Gusii linamlinda mtu aliyejisomesha.

Kuna jengo moja Nairobi ambalo kila mpenda historia wa Kisii na Nyamira anapaswa kuingia angalau mara moja. Ni la Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, zamani likiwa benki. Ukumbi wa chini umejaa mkusanyiko wa Murumbi: vinyago, milango, mikuki, nguo. Juu yake ni chumba cha kusomea, na humo unaweza kuomba mafaili ya wilaya yanayoanza na herufi DC/KSI, yaani ofisi ya mkuu wa wilaya ya Kisii, pamoja na ripoti za mwaka za Kavirondo Kusini, jina la utawala lililotubeba pamoja na majirani zetu kabla Kisii haijawa wilaya peke yake. Kodi, ng'ombe, kahawa ya kwanza iliyoruhusiwa kupandwa na Waafrika katika miaka ya 1930, ugomvi wa machifu, malalamiko ya wanawake kuhusu mahari: yote yamo, yameandikwa na mtu aliyekuwa na haraka na upendeleo wake. Sanaa chini, historia juu, ngazi katikati. Wengi huishia upande mmoja wa ngazi. Usiishie.

Kwa hiyo nakuomba mambo machache, wewe uliye na daftari. Mzee akikusimulia, andika jina lake kamili, ukoo wake, kijiji, tarehe ya siku hiyo, na aliyemsimulia yeye. Simulizi lisilo na mambo hayo litakuwa yatima ndani ya miaka 20. Muulize kama anakubali jina lake litajwe, na akikataa heshimu. Ukirekodi sauti kwa simu, toa nakala umpe mwanawe siku hiyo hiyo, maana simu huibwa na wazee hufa. Ukikuta jambo ambalo wazee wawili wanapingana, furahi, na uwaandike wote wawili.

Ukienda Tabaka kununua zawadi ya harusi, muulize muuzaji ni nani aliyechonga na ni nani aliyesugua. Ataona ajabu mara ya kwanza. Mwombe aliyechonga aandike jina lake chini ya sanamu kwa ncha ya kisu kabla hujalipa, na jina la aliyesugua kando yake.